Mauti Mwenye Uso wa Mpenzi: Tafakuri ya Kichungaji juu ya Nyimbo Chache za Italia

Utangulizi

Katika lugha ya Kiitaliano neno lenye maana ya mauti ni la jinsia ya kike. Kwa hiyo mtunzi wa Italia anayetaka kumfanya Mauti kuwa mtu hukuta sarufi ya lugha yake imekwisha kumfanyia nusu ya kazi hiyo. Akisema tu kwamba Mauti anakuja, msikilizaji huanza kumwona mwanamke akikaribia mlango. Mjerumani, ambaye kwake neno hilo ni la kiume, humwona mvunaji mwenye mundu. Sisi tusemao Kiswahili hatuna jinsia katika ngeli zetu, lakini tunayo njia yetu: tukiacha kusema "mauti yamefika" na kusema "Mauti amefika", papo hapo tumempa miguu ya kutembelea na mikono ya kushikia. Katika makala hii nitasema kwa namna hiyo ya pili, maana nyimbo ninazozihakiki ndivyo zinavyosema.

Nyimbo hizo ni chache, nazo zilitoka kati ya mwaka 1966 na mwaka 1977. Nyingi ni za Fabrizio De André wa Genova, aliyezaliwa mwaka 1940 na kufariki mwaka 1999. Yeye ni mmoja wa kizazi cha watunzi walioziimba tungo zao wenyewe, ambao Waitalia huwahesabu miongoni mwa washairi wao. Msomaji anaweza kuuliza nyimbo za namna hiyo zina nini na jarida la chuo cha theolojia. Sababu yangu ni ya kichungaji, na ni haki niieleze mwanzoni.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kwenye maziko ya kijana aliyejitoa uhai. Wazee wa usharika walikuwa wamekwisha kukata shauri: kengele isipigwe, kwaya isiimbe, mchungaji asivae joho. Nami nilikubali. Nilisimama miongoni mwa waombolezaji kama jirani tu. Mama wa marehemu hakunilaumu. Aliniuliza swali moja, kwamba je, mwanawe hakustahili hata wimbo mmoja? Sikuwa na jibu. Nilipokuja kuzifahamu nyimbo hizi nilikuta kwamba swali la mama yule lilikuwa limekwisha kuulizwa huko Italia mwaka 1967, tena na mtunzi aliyejulikana kwa kuzipinga mamlaka zote, za kanisa zikiwemo.

Dada na Malkia

Desturi ya kumwita Mauti kama mtu ni ya kale katika ushairi wa Italia. Fransisko wa Asizi, aliyefariki mwaka 1226, katika utenzi wake wa kumsifu Mungu kwa ajili ya viumbe, alimwita mauti ya mwili dada, akamweka katika ukoo mmoja na jua, mwezi, maji na moto. Utenzi huo ni miongoni mwa tungo za kale kabisa za lugha ile. Tusiharakishe kusema kwamba Fransisko alimpamba Mauti. Humo dada huyo ni kiumbe. Naye kiumbe anaye Muumba aliye juu yake. Fransisko anaweza kumwita dada kwa sababu anajua Baba ni nani.

Karne tatu baadaye mambo yamebadilika. Katika mji mdogo wa Pinzolo, kaskazini mwa Italia, lipo kanisa la Mtakatifu Vigilio ambalo ukuta wake wa nje ulichorwa mwaka 1539 na Simone Baschenis. Mchoro huo unaonyesha ngoma ya wafu: mifupa inapiga muziki, na Mauti amevaa taji. Anawachukua watu wote kwa daraja zao, papa, maaskofu, wafalme, matajiri, maskini na watoto. Hapa Mauti si dada tena. Ni malkia, na hakuna anayesamehewa ushuru wake.

Mwaka 1977 mwimbaji Angelo Branduardi alichukua maneno ya Mauti mwenye taji kutoka desturi hiyo ya Pinzolo, akayatia katika muziki wa ngoma uliochapishwa na Giorgio Mainerio mwaka 1578. Wimbo wake huitwa "Ballo in fa diesis minore". Mauti anajitangaza kuwa bibi wa watu wote, asiyezuiliwa na ukuta. Watu wanamjibu kwa kumkaribisha ngomani: aweke mundu chini, acheze nao mzunguko mmoja na mwingine tena, na muda anaocheza atakuwa amepoteza mamlaka yake juu ya wakati. Ni jibu la ujasiri, na kila aliyekesha matangani anajua kwamba kuimba usiku kucha hulegeza kidogo mkono wa Mauti. Hata hivyo kucha kutakucha. Wimbo haumwambii mcheza ngoma afanye nini muziki utakapokoma.

Kuna jambo ukutani Pinzolo ambalo Branduardi hakulichukua. Mbele ya papa na maaskofu, katika safu ile ile ya wanaochukuliwa na Mauti, mchoraji alimweka Kristo msalabani. Kwa mchoraji wa mwaka 1539, Kristo si mtazamaji anayeihurumia safu kwa mbali. Yumo ndani ya safu. Wimbo wa mwaka 1977 umebakiza taji la Mauti na kuuacha msalaba. Kwa hiyo umebaki na mfalme mmoja tu.

Mwaka huo huo wa 1977 Roberto Vecchioni alitoa wimbo "Samarcanda". Askari aliyesalimika vitani anasherehekea ushindi pamoja na wenzake, akamwona katikati ya watu mwanamke mweusi akimtazama. Akaomba kwa mtawala farasi mwenye mbio, akakimbia hata Samarkandi. Huko akamkuta mwanamke yule akimngoja. Naye akamweleza kwamba alishangaa kumwona mbali hivyo siku mbili kabla, hali miadi yao ilikuwa Samarkandi. Kisa hiki ni cha kale sana. Katika Talmudi ya Babeli kinasimuliwa juu ya Mfalme Sulemani, aliyewapeleka waandishi wake wawili mji wa Luzi ili kuwaepusha na malaika wa mauti, nao wakafia langoni pa mji ule ule. Vecchioni amekifanya kiitikio cha furaha, ambacho umati huimba kwa sauti kuu ukimhimiza farasi aongeze mbio. Hapo ndipo uzito wa wimbo ulipo. Wasikilizaji wanamshangilia farasi, na farasi ndiye anayempeleka bwana wake kaburini.

Kukata tamaa kwa wimbo huu hakuna machozi. Ni kukata tamaa kwa mtu aliyesadiki kwamba yote yamekwisha kuandikwa, na hakuna wa kumlilia. Nasi wachungaji hatuna budi kukiri kwamba mahubiri yetu ya maziko husema hivyo hivyo mara nyingi. Tunaposema kwamba siku yake ilikuwa imefika, na hapo tukanyamaza, tumehubiri "Samarcanda" bila muziki.

Mpenzi

Sura ya tatu ya Mauti ndiyo ya hatari zaidi, nayo ni sura ya mpenzi. Mwaka 1950 mshairi Cesare Pavese, baada ya mapenzi yaliyomvunja moyo, aliandika shairi ambalo Mauti anakuja na macho ya mwanamke aliyependwa. Mwezi Agosti mwaka huo huo Pavese alijiua mjini Torino, na shairi likachapishwa mwaka uliofuata. Tangu hapo ushairi wa Italia umekuwa na kishawishi cha kuwaona Upendo na Mauti kuwa mtu mmoja mwenye uso mmoja.

De André alikijua kishawishi hicho. Wimbo wake "La morte" wa mwaka 1967, ambao muziki wake ni wa Mfaransa Georges Brassens, unaanza kwa mwangwi wa Pavese: Mauti atakuja ghafla akiwa na midomo na macho ya yule yule anayeambiwa habari zake, atamfunika kwa shela jeupe na kulala ubavuni pake. Lakini baada ya ubeti huo De André anaondoka chumbani na kutoka barabarani. Anamwita mwanamke mzuri anayeoga chemchemini, kisha wakuu wa kanisa na wenye vyeo, kisha ombaomba, kisha mashujaa wa vita. Wenye vyeo wanalia mlangoni, maana aliyeishi vizuri huona vigumu kufa. Ombaomba hawasumbuki kuondoka, kwa sababu Mauti alikuwa rafiki yao. Mashujaa wanaambiwa kwamba silaha zao ni bure mbele ya adui huyo wa mwisho: hata wakimchoma moyoni haitafaa kitu, kwa kuwa Mauti hafi kamwe.

Mwanafunzi wa Agano Jipya atashtuka hapo. Jina la adui wa mwisho ni la mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 15:26. De André amelichukua jina hilo, akakataa sentensi iliyolibeba. Paulo anamwita Mauti adui wa mwisho ili aseme kwamba atabatilishwa. De André anamwita hivyo ili aseme kwamba hatabatilishwa. Sijui kama kuna mahali pengine katika nyimbo za siku hizi ambapo Injili na ukanusho wake vimekaribiana namna hii. Ubeti wa ombaomba nao ni shtaka juu yetu. Ikiwa maskini hana rafiki isipokuwa Mauti, marafiki wengine walikuwa wapi?

Juu ya upendo unaodai kifo De André alikuwa amekwisha kutunga mwaka 1966 wimbo "La ballata dell'amore cieco", yaani habari ya upendo ulio kipofu. Mwanamume mwema anampenda mwanamke asiyempenda. Mwanamke anamtaka amletee moyo wa mama yake, ili awape mbwa, naye analeta. Kisha anamtaka atoe uhai wake mwenyewe. Naye anautoa, akafa akiwa na furaha ya upendo. Mtunzi mwepesi angeishia hapo, na vijana wangetoka wakimsifu marehemu. De André anaendelea. Mwanamke, aliyekuwa akicheka, anashikwa na hofu anapoona kwamba yule amekwenda na furaha yake, na yeye hakubakiwa na kitu, wala upendo wa mtu yule. Jina kamili la wimbo linaongeza kwamba ni habari ya ubatili pia, na neno hilo ndilo hukumu ya mtunzi. Mwenye kudai kifo cha mpenzi wake hakupenda, bali alijipenda.

Wimbo Ulio Bora 8:6 unasema kwamba upendo una nguvu sawa na mauti. Hausemi kwamba upendo unayataka mauti, wala kwamba wawili hao ni ndugu. Unawapambanisha.

Sala ya Januari

Usiku wa tarehe 27 Januari 1967, katika tamasha la nyimbo la Sanremo, mtunzi Luigi Tenco alikutwa amekufa hotelini, akiwa na umri wa miaka 28. Wimbo wake "Ciao amore, ciao", ambao mwimbaji Dalida pia aliuimba katika tamasha hilo, ulikuwa umetolewa mashindanoni. Aliacha barua. Uchunguzi ulifunguliwa tena miaka mingi baadaye, na mwaka 2006 ulithibitisha kwamba alijiua. De André alikuwa rafiki yake. Aliporudi kutoka mazikoni alianza kutunga "Preghiera in gennaio", yaani sala katika mwezi wa Januari, nao ndio wimbo wa kwanza katika santuri yake ya mwaka 1967, ile ile yenye "La morte".

Ili kuuelewa wimbo huo, yafaa kukumbuka kwamba Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1917, ambazo mwaka 1967 zilikuwa bado zinatumika, ziliwanyima maziko ya kanisa watu waliojiua kwa kukusudia. Katazo hilo halikurudiwa katika sheria mpya za mwaka 1983. De André basi alikuwa anaomba mahali ambapo kanisa lilikuwa limeagizwa kunyamaza.

Jambo la kwanza ninaloliona katika wimbo huo ni kwamba Mauti si mtu humo. Mtunzi yule yule, katika santuri ile ile, ambaye alimpa Mauti midomo, macho na mikono, hapa hampi chochote. Neno hilo linatajwa, lakini halina uso. Wenye uso ni wengine: marehemu mwenye mifupa iliyochoka, anayevuka daraja la mwisho, wale waliojiua kabla yake, ambao anawabusu kwenye paji la uso na kuwakaribisha peponi, na Mungu mwenye rehema, anayewakumbatia na kunyamazisha kwikwi zao. Nadhani hiyo si bahati. Mauti akipewa uso, aliyekufa hupoteza wake. Tunaanza kumtazama malkia, au mpenzi, au mwanamke wa Samarkandi, na kijana aliyelala jenezani anageuka kuwa mfano tu wa nguvu zake. Maombolezo ya kweli humwacha Mauti akae pembeni, yakamtazama marehemu na kumwita Mungu.

Kwa hiyo nauhesabu wimbo huu kuwa bora kuliko zote nilizozitaja. Lakini mhakiki wa kanisa hana ruhusa ya kuishia katika sifa. Yapo mambo mawili ambayo siwezi kuyakubali.

La kwanza, wimbo unasema kwamba katika ulimwengu wa Mungu mwema hakuna jehanamu, na kwamba ipo tu kwa yule anayeiogopa. Naelewa kwa nini rafiki aliyetoka makaburini alisema hivyo. Lakini mama aliyefiwa namna hiyo anajua kwamba kuzimu ipo. Amelala humo tangu siku alipoletewa habari. Imani ya Mitume haitufundishi kuikana kuzimu, inatufundisha kwamba Kristo alishuka humo. Mwandishi wa Zaburi ya 139 naye alikiri kwamba hata akitandika kitanda chake kuzimu, Mungu yupo huko. Neno hilo lina nguvu kuliko la De André, kwa maana halihitaji kukana uchungu wowote ili lifariji.

La pili, wimbo unawasifu waliojiua kwa ushujaa wao, kwamba waliona ni heri mauti kuliko chuki na ujinga wa watu. Hapa mtunzi amejisahau. Mpenzi aliyefukuzwa mlangoni katika wimbo wa mwaka 1966 amerudi kwa kupitia dirishani, mahali ambapo Yeremia 9:21 anasema Mauti hupenda kupita. Kati ya wanaousikiliza wimbo huo yupo kijana aliyekaa peke yake na mawazo yake, naye anaambiwa kwamba jambo analolifikiri lina heshima. Kumwombea marehemu rehema ni jambo moja. Kukipamba kitendo chake ni jambo jingine.

Luther na Mnyang'anyi wa Msituni

Kanisa letu linayo njia ya kuyashika yote mawili. Katika Mazungumzo ya Mezani Martin Luther alisema kwamba haamini kuwa wote wajiuao wamepotea hakika. Aliwafananisha na mtu aliyeuawa msituni na mnyang'anyi: hawakupenda kufanya walilolifanya, bali nguvu ya Shetani iliwashinda. Papo hapo aliongeza tahadhari, kwamba neno hilo lisihubiriwe ovyo kwa watu wote, Shetani asije akapata nafasi ya kuua wengi. Msomaji atazame jinsi Luther alivyochagua mfano wake. Mauti anapewa uso, lakini si uso wa mpenzi wala wa malkia. Ni uso wa jambazi. Hakuna amwoneaye jambazi shauku, wala amhukumuye aliyeporwa.

Katika hotuba yake ya mwaka 1519 juu ya kujiandaa kufa, Luther alitoa shauri jingine ambalo mhakiki wa nyimbo hizi anaweza kulitumia kama kipimo. Alionya kwamba Mauti, akitazamwa peke yake, hukua machoni mwa mgonjwa hata akaijaza nyumba yote. Kwa hiyo mtu asimtazame Mauti ndani ya Mauti, bali amtazame ndani ya Kristo aliyemshinda. Nyimbo za mwaka 1977 zinamtazama Mauti peke yake, naye amekua kweli. Utenzi wa Fransisko unamtazama mbele za Muumba, naye amebaki dada. Sala ya De André imeacha kumtazama kabisa, ikaelekea rehema. Ila haikupata jina la yeye ambaye kwake rehema hiyo ilitimizwa. Santuri ile ile ina wimbo juu ya Yesu, lakini Yesu wa wimbo huo ni mtu mwema aliyeuawa, na kwa mtu mwema aliyeuawa Mauti ameongeza mmoja tu katika safu yake. Luther, katika wimbo wake wa Pasaka wa mwaka 1524, alisimulia vita ya ajabu kati ya Uzima na Mauti, ambamo kifo kimoja kilikimeza kingine. Hilo ndilo jibu la "La morte". Mauti anaweza kufa.

Hitimisho

Sitoi amri kwa wachungaji wenzangu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilisimama kama jirani siku niliyopaswa kusimama kama mchungaji. Lakini nimejifunza mambo matatu kwa watunzi hawa, mengine kwa mema yao na mengine kwa makosa yao. Tumwite Mauti adui, wala tusimpambe kwa maneno matamu mbele ya vijana wetu. Tumtaje marehemu kwa jina lake na kusimulia maisha yake, ili kitendo cha saa moja kisiwe ndilo jina lake kaburini. Nasi tuseme na Mungu zaidi ya kusema juu ya kifo. Wanafunzi wetu hujifunza taratibu za maziko kwa bidii, na ni vema. Wajifunze pia kumketisha kijana aliyekata tamaa na kumsikiliza kabla hatujaitwa kumzika.

Mama yule bado yu hai, nami nimekwenda kumwona. Tuliketi uani, tukaimba wimbo mmoja wa Pasaka, kwa kuchelewa, tukiwa wawili na mjukuu wake. Alipomaliza kuimba alilitaja jina la mwanawe.